Harris alichangisha karibu mara tatu ya Trump, mbona akashindwa?

Swali la msomaji: "Nilifuatilia uchaguzi wa Marekani wa 2024, na kila mwezi nilisikia Kamala Harris amemwacha mbali Donald Trump kwa michango. Agosti peke yake walisema yeye kapata dola milioni 361, mwenzake milioni 130. Novemba ikafika, Trump akashinda. Je, takwimu zile zilipikwa? Na kati yao nani hasa alikuwa mgombea wa watu wa kawaida, nani wa matajiri? Nikitaka kulinganisha wagombea mwenyewe, naanzia wapi?"

Hazikupikwa, ndugu msomaji. Ila zilikuwa jumla kuu, na katika fedha za kampeni za Marekani hakuna takwimu inayoficha mambo mengi kama jumla kuu. Tuufungue huo mwezi wa Agosti uliouuliza, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu unachohitaji kujua.

Zile milioni 361 zilitangazwa na kampeni ya Harris yenyewe mwanzoni mwa Septemba. Zilijumlisha mifuko kadhaa: kamati ya mgombea, kamati ya taifa ya chama cha Democratic, na kamati za uchangishaji wa pamoja. Milioni 130 za Trump zilijumlisha mifuko ya aina hiyo hiyo upande wa Republican. Septemba 20 zikawasilishwa ripoti rasmi kwa Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho, FEC. Kamati ya Harris peke yake ilionyesha imeingiza takriban dola milioni 190 mwezi ule. Ya Trump peke yake, takriban milioni 44. Pengo lililokuwa karibu mara tatu sasa ni zaidi ya mara nne.

Teremka chini kidogo katika ripoti zile zile uangalie matumizi. Harris alitumia takriban milioni 174, Trump takriban milioni 61. Halafu angalia salio la kufungia mwezi: Harris takriban milioni 235, Trump takriban milioni 135. Hapo tofauti haifiki hata mara mbili. Ni mwezi mmoja, wagombea wale wale, na majibu matatu yote ya kweli: mara tatu, mara nne, chini ya mara mbili. Na bado hatujagusa hata senti moja ya makundi ya nje, yaani yale yasiyo ya kampeni wala ya chama, ambako upande wa Trump ulikuwa umeegemea sana.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa takwimu yoyote ya michango ni hili: fedha hizi ziko mfuko gani?

Mfuko uliobanwa kuliko yote ni kamati ya mgombea mwenyewe. Katika mzunguko wa uchaguzi wa 2023 na 2024, mtu mmoja aliruhusiwa kumpa mgombea dola 3,300 kwa ajili ya mchujo na 3,300 nyingine kwa uchaguzi mkuu. Basi, hapo kamba inakatika. Kampuni na vyama vya wafanyakazi haviruhusiwi kumpa mgombea kitu chochote kutoka hazina zao, na raia wa kigeni asiye na ukaazi wa kudumu haruhusiwi kabisa. Vikomo hivi vina asili yake katika sheria ya 1974, iliyokuja baada ya kashfa ya Watergate. Mwaka 1976, katika kesi ya Buckley dhidi ya Valeo, Mahakama ya Juu iliamua kwamba serikali inaweza kuweka kikomo cha kuchangia lakini haiwezi kuweka kikomo cha kutumia, wala haiwezi kumzuia mgombea kumwaga mali yake mwenyewe. Ndiyo maana Michael Bloomberg aliweza kutumia zaidi ya dola bilioni 1 za kwake katika mchujo wa Democratic wa 2020, akaambulia ushindi wa kisiwani American Samoa tu, na kujitoa siku moja baada ya Jumanne Kuu, siku ambayo majimbo mengi hupiga kura za mchujo kwa pamoja.

Mfuko wa pili ni wa kamati za uchangishaji wa pamoja, na huu ndio unaowachanganya watu wengi zaidi. Mgombea, chama cha taifa na vyama vya majimbo wanaungana kufungua akaunti moja. Tajiri anaandika hundi moja, halafu fedha zinagawanywa kwa mpangilio uliotangazwa. Hundi kubwa kabisa iliyoruhusiwa upande wa Rais Joe Biden, aliyekuwa mgombea wa Democratic kabla ya Harris, na baadaye Harris mwenyewe, ilikuwa dola 929,600. Nitakupa mchanganuo wake, maana ukiuelewa huu hutababaishwa tena na vichwa vya habari. Dola 6,600 ni za mgombea. Dola 41,300 zinaingia akaunti ya kawaida ya chama cha taifa. Chama hicho kina akaunti nyingine tatu maalumu, ya mkutano mkuu, ya majengo na ya gharama za kisheria, na kila moja iliweza kupokea dola 123,900 wakati huo. Kinachobaki kinakwenda kwa vyama vya majimbo 50 na Washington DC, dola 10,000 kila kimoja, jumla 510,000. Vijumlishe vyote utapata 929,600 kamili.

Katika hundi hiyo nzima, kiasi anachoweza mgombea kukiamulia moja kwa moja ni dola 6,600. Fedha za akaunti ya majengo haziwezi kununua tangazo la kumsifu. Zinasaidia chama, na chama kinamsaidia yeye, lakini kusema "mgombea kapata laki tisa" ni kusema kitu ambacho vitabu vyake havikionyeshi.

Upande wa Trump, kamati iliyoitwa Trump 47 ilikuwa na hundi ya juu ya dola 814,600, na mpangilio wa mgao wake ulisema mambo. Baada ya mgombea mwenyewe, kituo cha pili hakikuwa chama. Kilikuwa Save America, kamati iliyokuwa ikilipa mawakili wake, ikichukua dola 5,000 kabla chama cha taifa hakijapata kitu. Kiasi ni kidogo ukilinganisha na hundi nzima, lakini kwa mchangiaji mdogo ni jambo kubwa. Anayetoa dola 5,000 au 10,000 anahudumia foleni ya mbele tu. Fedha zake huenda zisifike kabisa mwisho wa mstari. Kamati za Trump, Save America ikiwa kubwa yao, zilitumia takriban dola milioni 50 kwa gharama za kisheria katika mwaka 2023 pekee. Ukitaka kujua mgombea anathamini nini, soma mpangilio wa mgao wa kamati yake ya pamoja. Uko wazi, na ni wachache mno wanaousoma.

Mfuko wa tatu ni Super PAC. Hizi zilizaliwa 2010 kutokana na kesi mbili: ya Citizens United katika Mahakama ya Juu, Januari, na ya SpeechNow katika mahakama ya rufaa, Machi. Kamati ya aina hii inapokea kiasi chochote kutoka kwa mtu, kampuni au chama cha wafanyakazi, mradi isimpe mgombea fedha na isipange naye matangazo yake. Mei 30, 2024 baraza la wazee wa mahakama New York lilimtia Trump hatiani. Siku iliyofuata, Timothy Mellon, mrithi wa ukoo wa mabenki, aliipa MAGA Inc., Super PAC iliyomuunga mkono Trump, dola milioni 50 kwa mpigo. Katika mzunguko mzima aliipa kamati hiyo dola milioni 150. Weka kiasi hicho kando ya zile milioni 44 ambazo kamati ya Trump iliingiza Agosti: mtu mmoja alitoa zaidi ya mara tatu yake. Mellon huyo huyo alikuwa ametoa dola milioni 25 kwa Super PAC iliyomuunga mkono mgombea huru Robert F. Kennedy Jr. Bilionea Miriam Adelson alitoa zaidi ya dola milioni 100 kupitia Super PAC ya Preserve America. Elon Musk alitoa zaidi ya dola milioni 250 kwa jumla, nyingi kupitia America PAC aliyoianzisha mwenyewe.

Sasa utaelewa kwa nini kamati ya Trump ilionekana dhaifu kwenye karatasi huku kampeni yake haikuonekana kufa njaa mitaani.

Lakini usijumlishe dola ya Super PAC na dola ya mgombea kana kwamba zina nguvu sawa. Sheria inavilazimisha vituo vya televisheni na redio kumtoza mgombea bei yao ya chini kabisa ya matangazo katika siku 60 kabla ya uchaguzi mkuu. Super PAC haina haki hiyo. Inalipa bei ya soko, na katika majimbo yenye ushindani mkali bei hiyo hupaa mara kadhaa wiki za mwisho. Kwa hiyo dola milioni 10 za Harris zilinunua muda mwingi hewani kuliko milioni 10 za MAGA Inc. Wakati huo huo, Machi 2024 FEC ilitoa maoni ya kisheria yaliyoruhusu makundi ya nje kushirikiana na kampeni katika kazi ya kugonga milango ya wapiga kura. Hapo dola ya nje ikapata uzito mpya. America PAC ya Musk ilijikita hasa katika kazi hiyo, na kampeni ya Trump iliweza kuachia sehemu kubwa ya kazi ya mitaani kwa watu wa nje bila kuilipia.

Swali lako la pili, nani wa watu wa kawaida, ndilo linalojibiwa vibaya zaidi kuliko yote, na linaniuma kwa sababu wanaolijibu vibaya mara nyingi ni kampeni zenyewe, na hujua wanachofanya.

Silaha yao ni wastani wa mchango. Mwaka 2016 Bernie Sanders, mgombea katika mchujo wa Democratic, alitembea nchi nzima akitaja dola 27, na kwa upande wake kweli alikuwa na wachangiaji wadogo wengi mno. Ila wastani unahesabu michango, hauhesabu watu. Mtu aliyejiandikisha kukatwa dola 25 kila wiki ataonekana mdogo kila wiki, na mwisho wa mwaka atakuwa ametoa dola 1,300. Barack Obama mwaka 2008 alisifiwa kwamba karibu nusu ya fedha zake zilitoka kwa michango midogo, isiyozidi dola 200. Taasisi ya Campaign Finance Institute ilipowakusanya wachangiaji wale wale na kujumlisha kila mmoja alitoa kiasi gani kwa jumla, sehemu iliyotoka kwa watu wadogo kweli ilishuka hadi karibu robo. George W. Bush mwaka 2004, ambaye hakuna aliyemwita mgombea wa makabwela, alikuwa na robo hiyo hiyo. Tofauti kubwa ya Obama ilikuwa katika watu wa katikati, waliorudi mara kwa mara mpaka wakavuka mstari wa 200.

Mstari huo wa dola 200 una maana kisheria. Mchangiaji akishautimiza na kuuzidi katika mzunguko, kamati inapaswa kumtaja jina, anwani, kazi na mwajiri. Chini ya hapo anaingizwa katika fungu moja lisilo na majina. Kwa hiyo angalia uwiano wa fungu hilo kwa michango yote ya watu binafsi. Ni kipimo bora kuliko wastani wowote. Kuna na mlango mwingine: majukwaa ya uchangishaji mtandaoni, ActBlue ya Democratic iliyoanza 2004 na WinRed ya Republican iliyoanza 2019, yanaripoti kila mchango yanaoupitisha, hata wa dola 5. Mtafiti mwenye subira anaweza kuwahesabu watu halisi humo badala ya kukisia.

Kwa 2024, hukumu yangu ni hii. Wote wawili walikuwa na umati. Harris alipoingia Julai 21 baada ya Biden kujitoa, kampeni yake na washirika wake waliingiza dola milioni 81 katika saa 24, kutoka kwa watu wapatao 888,000, na wengi wao walikuwa hawajachanga chochote mzunguko ule. Trump naye, saa 24 baada ya hukumu ya New York, kampeni yake ilisema imeingiza dola milioni 52.8 mtandaoni. Huo ni umati, si klabu ya mabilionea. Lakini ukiziondoa hundi kubwa kumi za kwanza kila upande, upande wa Trump ndio ungetikisika zaidi. Harris alibebwa zaidi na kamati yake mwenyewe, ambayo ilipita dola bilioni 1 ikihesabiwa pamoja na kipindi cha Biden, wakati ya Trump haikufika nusu ya hapo. Trump alibebwa zaidi na watu wachache wenye mifuko mirefu.

Hilo halimfanyi Harris kuwa mgombea asiye na matajiri. Super PAC yake kuu, Future Forward, ilipokea makumi ya mamilioni kutoka kwa Dustin Moskovitz, mmoja wa waanzilishi wa Facebook, na ilikuwa na tawi lisilo la faida ambalo halilazimiki kutaja wafadhili wake. Fedha za gizani zipo pande zote mbili. Atakayekwambia matajiri walikuwa upande mmoja, mwambie akuonyeshe majina ya waliolipa matawi hayo. Hana.

Hapa ndipo penye jambo linalonikera kuliko yote katika uchaguzi ule. Oktoba 2024 iliibuka kamati iliyoitwa RBG PAC, ikibeba herufi za jina la jaji marehemu Ruth Bader Ginsburg, mtetezi wa haki ya kutoa mimba, ikiwaambia wapiga kura kwamba Trump hana tofauti kubwa na jaji huyo katika suala hilo. Familia ya jaji ililalamika. Nani alilipia? Kamati ilianzishwa kwa kuchelewa kiasi kwamba ripoti yake ya kwanza ya wafadhili haikudaiwa kabla ya kura. Desemba 5, mwezi mzima baada ya uchaguzi, ripoti ikatoka: dola milioni 20.5, zote kutoka kwa Musk. Hakuna sheria iliyovunjwa. Lakini lengo la kuripoti ni mpiga kura ajue kabla hajapiga kura, na mtu aliyefikiwa na ujumbe ule hakujua. Kila ninapolinganisha wafadhili wa wagombea nakumbuka kwamba orodha ya Oktoba haijakamilika kamwe.

Tahadhari moja fupi kuhusu waajiri. Ukisoma kwamba kampuni fulani "imempa" mgombea mamilioni, mara nyingi ni wafanyakazi wake, kuanzia wahandisi hadi makatibu, waliojaza jina la mwajiri kwenye fomu kama sheria inavyotaka. Kampuni yenyewe imekatazwa kumchangia. Usimhukumu mgombea kwa hilo.

Sasa, mbona akashindwa? Tazama miaka iliyopita. Mwaka 2008 Obama alikataa ruzuku ya serikali kwa uchaguzi mkuu, mpinzani wake wa Republican John McCain akaipokea, dola milioni 84.1, na kubanwa asitumie zaidi ya hapo. Obama aliingiza zaidi ya milioni 150 katika Septemba pekee, akashinda. Mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi Trump kwa fedha karibu mara mbili, akashindwa. Mwaka 2020 Biden alimzidi Trump, akashinda. Mwaka 2024 Harris alizidi, akashindwa. Katika ngazi ya urais wagombea wote wawili wanajulikana, vyombo vya habari vinawatangaza bure usiku na mchana, na tangazo la mia moja halimbadilishi mtu ambaye la kumi halikumgusa. Harris zaidi ya hapo alikuwa na siku 107 tu, na fedha zinazokuja kwa kishindo dakika za mwisho hukuta nafasi za hewani zimeshanunuliwa na wafanyakazi wazoefu wameshaajiriwa.

Fedha zina nguvu zaidi kwenye mchujo, wakati wagombea ni wengi na hawajulikani. Hata huko hazitoshi: Super PAC iliyomuunga mkono Jeb Bush, mgombea katika mchujo wa Republican, ilikuwa imekusanya zaidi ya dola milioni 100 kufikia katikati ya 2015, naye akajitoa Februari 2016 baada ya kura za South Carolina.

Ukitaka kuanza mwenyewe, ingia fec.gov, fungua kurasa za kamati mbili za wagombea, uhakikishe ripoti zote mbili zinahusu tarehe zile zile. Hapo ndipo wengi wanapoteleza, wakilinganisha robo mwaka ya mmoja na mwezi wa mwingine. Usiishie kwenye mapato. Soma salio, kisha deni, kwa sababu salio la milioni 10 lenye deni la milioni 8 ni milioni 2. Wakati wa mchujo, uliza ni kiasi gani cha salio kimetengwa kwa uchaguzi mkuu. Hillary Clinton mwaka 2008 alikuwa na mamilioni ya aina hiyo ambayo hakuweza kuyagusa alipokuwa akipambana na Obama.

Halafu fungua matumizi. Tafuta malipo ya barua za kuombea michango, ya orodha za anwani na ya matangazo ya kuchangisha. Ben Carson, mgombea katika mchujo wa Republican mwaka 2016, aliingiza zaidi ya dola milioni 50, akaonekana tishio, lakini sehemu kubwa ilirudi kulipia uchangishaji wenyewe. Kampeni ya namna hiyo huonekana kubwa hadi siku inapoacha kuomba.

Mwisho nenda kwenye ukurasa wa matumizi ya makundi ya nje, uchambue yaliyotumika kumuunga mkono mgombea na yaliyotumika kumpinga mpinzani wake, kisha fungua Super PAC tatu kubwa za kila upande na uhesabu majina mangapi yanabeba nusu ya mapato yao. Fanya hivyo Oktoba, na ufanye tena Desemba, ripoti za baada ya uchaguzi zikishaingia.